Sauti ya mtoto huanzia sikioni: niliyojifunza kwa miaka mitano ya kumlea binti mwenye usikivu hafifu

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu, nitauweka vipande vipande. Mwenye swali aulize katikati, hakuna shida.

Binti yangu ana miaka minane sasa. Alipokuwa na miaka miwili na nusu, kiti alikiita "tutu", kuku alimwita "tutu", na kitu chochote asichokijua jina nacho kilikuwa "tutu". Tukadhani ni utoto. Sauti yake ilikuwa kubwa hata akiwa amekaa mapajani mwangu, na maneno yalitokea puani kama ya mtu mwenye mafua yasiyokwisha. Tulichokuwa tunafanya nyumbani ni kumkemea: usipayuke, sema polepole, tamka vizuri. Wakubwa wakatuambia ana ulimi mzito. Mtaalamu wa kwanza tuliyemwona alimfungua mdomo, akatazama ulimi, akatazama koo, akasema kila kitu kiko sawa, tusubiri, atasema tu. Sikio hakuligusa. Tulisubiri miezi kumi, na miezi hiyo kumi bado inaniuma.

Na sisi wenyewe hatukuwahi kulishuku sikio, kwa sababu mlango ukibamizwa anageuka, ndege ikipita anatazama juu, ngoma ikipigwa anacheza. Nani angesema huyu hasikii? Alipopimwa ipasavyo ndipo tukaoneshwa chati yake. Sauti nzito anazipata karibu kama mtoto yeyote. Kuanzia hetsi 1000 (hetsi hupima sauti ilivyo nzito au nyembamba) mstari unaanza kuporomoka, na kwenye hetsi 4000 hasikii chochote mpaka sauti ifike desibeli 75 (desibeli hupima ukubwa wa sauti). Mazungumzo ya kawaida, mtu akiwa mita moja mbele yako, ni kama desibeli 60. Maana yake alisikia kwamba tunaongea, lakini nusu ya herufi hazikumfikia kabisa.

Koo lake halikuwa na hitilafu. Ulimi ulikuwa mwepesi. Alichokikosa ni taarifa.

Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Mzazi akisikia sauti ya mtoto ina kasoro, akili inakimbilia mdomoni. Anzeni na sikio, tafadhali. Hata kama mna uhakika anasikia.

#2 Mleta uzi

Naendelea. Kwa nini sikio liguse sauti?

Kila anayeongea anajisikiliza, ila hatujitambui tukifanya hivyo. Sauti yako inakurudia kwa njia mbili, kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa, na ubongo unaitumia kurekebisha: hapa umepaza mno, hapa umepanda juu, hiyo "s" haijakaa sawa. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni anapaza sauti bila kukusudia, na kelele ikikatwa anairudisha chini. Kuna jaribio jingine ambalo yeyote mwenye vifaa anaweza kulirudia: mtu anavalishwa spika za masikioni, anarudishiwa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa kwa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Mtu mzima mwenye ufasaha wake anaanza kuburuta maneno na kurudiarudia silabi kama mwenye kigugumizi. Sikio limemdanganya kidogo tu, na ulimi umepotea njia.

Sasa huyo ni mtu mzima ambaye tayari anajua kusema. Mtoto ana kazi mbili. Kwanza asikie wengine ili apate cha kuiga. Pili ajisikie mwenyewe ili alinganishe alichotoa na alichosikia. Upande mmoja ukiwa hafifu, mwingine haufanyi kazi ipasavyo.

#3 Mama Mapacha

Asante mleta uzi, nimesoma nikiwa na roho juu. Nina mapacha wa miezi kumi na moja. Mmoja anashinda akisema "dadada, bababa" kutwa nzima. Mwenzake alipokuwa mdogo alikuwa anagugumia na kucheka sawasawa na pacha wake, lakini sasa amekuwa mkimya, akitoa sauti ni moja ndefu tu, "aaaa". Watu wananiambia nisiwalinganishe watoto. Nifanyeje?

#4 Mleta uzi

Mama Mapacha, kwa hili walinganishe bila kuona aibu. Na mpeleke akapimwe wiki hii, usingoje afikishe mwaka.

Nakueleza sababu. Mtoto aliyezaliwa kiziwi analia kama wenzake, anacheka, na miezi ya mwanzo anatoa zile sauti laini za kugugumia. Hizo hazihitaji sikio, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Tofauti inajitokeza pale silabi kamili zinapotakiwa kuanza, yaani konsonanti na vokali zilizoshikana na kurudiwa, "bababa", "mamama". Watafiti wawili Wamarekani, D. Kimbrough Oller na Rebecca Eilers, walichapisha mwaka 1988 matokeo yao juu ya jambo hili: watoto wanaosikia walianza silabi hizo kati ya miezi 6 na 10, na viziwi kati ya miezi 11 na 25. Hakukuwa na kuingiliana. Kwa hiyo miezi kumi na moja bila "bababa" hata moja ni sababu tosha ya kwenda, hata ikija kuonekana kwamba masikio ni mazima.

Ukifika, usikubali kipimo cha kupigiwa makofi nyuma ya kichwa. Mtoto anahisi upepo wa mikono yako, anaona kivuli, anaona macho ya mama yake yakihama. Omba vipimo viwili. Kimoja ni kijidude kidogo kinachoingizwa sikioni mtoto akiwa amelala. Sikio zima likipewa mlio linatoa mwangwi wake hafifu, na kifaa kinaunasa. David Kemp ndiye aliyeugundua mwangwi huo, London, mwaka 1978. Kingine wanabandika waya kichwani na kutazama kama neva inapeleka habari hadi kwenye shina la ubongo. Vyote viwili havina maumivu, na havimhitaji mtoto ajibu chochote.

Lengo wanaloliweka wataalamu ni mtoto achunguzwe kabla ya mwezi 1, ajulikane ana tatizo gani kabla ya miezi 3, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Wangu alisaidiwa akiwa na miaka mitatu na miezi minne. Wewe bado uko mbele yangu sana, dada. Nenda.

#5 Mleta uzi

Narudi kwenye sauti yenyewe, maana hapa ndipo nilipojifunza mengi.

Usikivu hafifu hautoi sauti ya aina moja. Inategemea ni masafa gani yamepotea, yaani sauti nzito au nyembamba. Chukueni vokali zetu tano. "I" na "u" zina sehemu nzito inayofanana, karibu hetsi 300. Kinachozitofautisha ni sehemu ya juu: ya "i" iko zaidi ya hetsi 2000, ya "u" iko chini ya 1000. Mtoto asiyepata sauti za juu anasikia ile ya chini peke yake, na kwake "i" na "u" ni vokali moja. Ndivyo kiti kilivyogeuka "tutu". Binti yangu alikuwa anarudia kwa uaminifu alichokisikia.

Nenda kwenye konsonanti. "S" inakaa juu kabisa, hetsi 4000 na kuendelea, tena ni hafifu. "F" ni hafifu zaidi. "K" ni mpasuko mdogo unaotokea nyuma ya mdomo, jicho halioni. "M", "b" na "p" zinaonekana midomoni, ndiyo maana watoto hawa wanazipata mapema, ingawa kwa macho tu "b" na "p" hazitofautiani, na mara nyingi wanazichanganya.

Sasa fikirieni lugha yetu ilivyojengwa. Umoja na wingi wa kitu na vitu umebebwa na konsonanti moja ya mwanzo. Sitakuja na nitakuja, pika na piga, lala na laza. Mtoto asipopata konsonanti hizo, hakosi matamshi pekee. Anakosa sarufi. Binti yangu alichelewa sana kushika "si-" ya kukana, na kwa muda mrefu hatukujua akikataa na akikubali mpaka tumtazame kichwa.

Halafu kuna king'ong'o. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma juu ya ulimi, inatakiwa kufunga njia ya pua tunaposema sauti zote isipokuwa "m", "n", "ny" na "ng'". Kazi hiyo huioni kwenye uso wa mtu na huihisi sana mwilini, sikio ndilo linalokuambia umefunga au hujafunga. Bila sikio, kaakaa linalegea na kukaza kwa wakati usio wake.

#6 Baba Kijana

Mkuu, wangu ana miaka kumi na minne, amezaliwa kiziwi kabisa pande zote mbili. Ana lugha ya alama safi na anasema pia, sisi nyumbani tunamwelewa. Lakini sauti yake ipo juu sana, nyembamba, imebanwa. Kifua kimepanuka, ndevu zinaanza, sauti ni ya mtoto mdogo. Na ghafla inaruka katikati ya neno. Koo lilipigwa picha, tukaambiwa nyuzi za sauti hazina tatizo. Inakuwaje?

#7 Mleta uzi

Mzee wangu, nilichoambiwa na mtaalamu wa usemi anayemfundisha binti yangu ni hiki. Mtoto ambaye hajisikii anatafuta njia nyingine ya kujua kama sauti imetoka. Njia aliyonayo ni kuhisi mtetemo shingoni. Akizikaza nyuzi na kusukuma pumzi kwa nguvu anauhisi vizuri, na nyuzi zikikazwa mlio unapanda. Kwa hiyo anabana kwa sababu kubana kunampa habari. Mwili wake hauna kosa.

Pumzi nayo inaingia hapa. Sisi tunavuta pumzi moja na kuimalizia sentensi. Wengi wa watoto hawa wanatumia pumzi nyingi kwa silabi chache, wanavuta tena katikati ya kishazi, na sentensi inakatikakatika na kwenda polepole. Asiyejua anadhani mtoto anafikiri taratibu. Hapana, anaishiwa hewa.

Mwalimu wetu anatumia puto. Analipuliza, mtoto analikumbatia kifuani, mwalimu anaweka mdomo karibu upande wa pili na kusema "ooo" ya chini. Puto linatetemeka lote. Kisha anasema kwa sauti ya juu, na mtetemo unakuwa mwembamba. Wanabadilishana zamu. Nilimshuhudia kijana wa umri wa mwanao akishusha sauti yake kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, mkono mmoja kwenye puto, mwingine kifuani kwake, amefumba macho. Alipoipata aliirudia labda mara thelathini. Kuna pia programu zinazoichora sauti kwenye skrini, mstari unapanda na kushuka, na mtoto anauongoza kwa macho. Miaka kumi na minne hajachelewa kwa hilo, ila yeye mwenyewe atake.

#8 Mwalimu wa Awali

Mimi naona kinyume. Darasani nina mtoto ambaye baada ya mafua anaongea kwa chini mno, karibu ananong'ona, na ananiambia "nini?" kila mara. Wenye usikivu hafifu si ndio wanaopayuka?

#9 Mleta uzi

Mwalimu, umegusa kitu ambacho madaktari wanakitumia kama dalili. Majimaji yakijaa nyuma ya ngoma ya sikio, sauti za nje zinazuiwa, lakini sauti ya mtoto mwenyewe inamfikia kupitia mifupa bila kuzuiwa. Ziba masikio yako kwa vidole, uongee: unajisikia mkubwa, kama uko ndani ya pipa. Huyo mtoto anahisi anapiga kelele, anashusha. Mwenye kasoro ya sikio la ndani hajisikii vizuri kwa mifupa wala kwa hewa, huyo ndiye anayepaza.

Majimaji hayo mara nyingi huondoka yenyewe. Yakiendelea kama miezi mitatu, daktari wa masikio huanza kufikiria kuweka vijibomba vidogo kwenye ngoma ya sikio. Mkalishe mbele kwa sasa, na mwambie mzazi asikae nalo.

#10 Mdau

Sisi tulimwekea mtoto shimesikio (kifaa cha sikioni cha kukuza sauti), lakini baba yake anasema hakuna mabadiliko ya sauti, ni hela ya bure. Ni mwezi wa pili.

#11 Mleta uzi

Mdau, shimesikio si miwani, kwamba ukivaa tu unaona. Siku tulipomvalisha binti yangu alitoa sauti yake kubwa kama kawaida, akanyamaza ghafla, akaweka mkono mdomoni. Akatoa tena, ndogo. Akanitazama. Ukubwa wa sauti ulirekebika ndani ya wiki chache. "I" ilichukua miezi. "S" ilichukua karibu mwaka na nusu, na mpaka leo si imara. Ubongo unaanza kuhesabu umri wa kusikia kuanzia siku ya kifaa. Wako ana miezi miwili ya kusikia.

Lakini hakikisheni kweli anasikia nacho. Kila asubuhi mimi hufanya kipimo kilichoenezwa na Daniel Ling, mwalimu maarufu wa watoto viziwi. Ni sauti sita: "m", "u", "a", "i", "sh", "s". Zimechaguliwa zitapakae kuanzia chini kabisa hadi juu ya masafa ya usemi, na bahati nzuri zote ni sauti zetu za kila siku. Nakaa nyuma yake au nafunika mdomo kwa karatasi (siyo kwa kiganja, kinaharibu sauti), nasema moja moja bila mpangilio, naacha kimya cha urefu tofauti katikati ili asibahatishe, naye anarudia. Siku aliyorudia "u" nilipotamka "i" nilijua bila kumuuliza mtu. Nilipovichungulia vifaa vyake, kijimrija kimoja kilikuwa kimezibwa na nta ya sikio.

Na umbali. Ukizidisha umbali mara mbili, sauti inapungua desibeli 6 hivi. Kumwita kutoka chumba kingine ni kumpotezea kila alichopewa. Sogea.

Kwa walio na uziwi mkubwa ambao shimesikio haliwafikishi popote, kuna kifaa cha kupandikizwa kwenye koklea, yaani kiungo cha kusikia kilicho sikio la ndani. Marekani kiliruhusiwa kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mwaka 1990, na siku hizi wanapandikiza wachanga zaidi ya hapo. Umri una uzito mkubwa. Mtafiti Anu Sharma na wenzake walipima jinsi ubongo unavyoitikia sauti, wakaona kwamba waliopandikizwa kabla ya miaka 3 na nusu wengi wanafikia kiwango cha wanaosikia, na baada ya miaka 7 ni nadra. Sauti za watoto hawa hutulia, zinashuka, king'ong'o kinapungua. Wanachopata kwa shida ni kuimba, maana elektrodi (vijincha vya kifaa vinavyopeleka umeme kwenye neva) ni chache, nyingi ni 22, zinafanya kazi iliyokuwa ya maelfu ya seli zenye vinywele. Noti zinakaribiana mno.

#12 Mama Mapacha

Nimepata miadi Jumatatu. Swali jingine: nimeambiwa nikimfundisha lugha ya alama atazoea mikono, sauti itakufa. Ni kweli?

#13 Mleta uzi

Si kweli, na wazo hilo lina historia yenye machungu. Mwaka 1880, Milan, Italia, walimu wa viziwi walikutana, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapitisha kwamba shule zifundishe kwa kusema peke yake. Vizazi vya watoto vikakatazwa mikono yao. Mwaka 2010, Vancouver, mkutano wa mfululizo uleule ulitamka rasmi majuto yake.

Kuna jambo lililochapishwa na watafiti Laura Petitto na Paula Marentette mwaka 1991 ambalo napenda kulirudia kwa wazazi. Watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia alama wanafanya "bababa" kwa mikono, silabi zilezile za kurudiarudia, kwa umri uleule. Kiu ya lugha iko ubongoni, inatoka popote ilipoachiwa mlango. Mtoto mwenye lugha kichwani ana cha kusema siku sauti ikipatikana. Mtoto aliyengojeshwa bila lugha hana. Mimi na mke wangu tulijifunza alama tukiwa tumechelewa, na sauti ya binti yetu haikufa. Ugomvi wetu naye ndio ulipungua.

#14 Mdau mwingine

Wa kwangu alikuwa anasema vizuri kabisa. Ana miaka mitano, aliugua homa ya uti wa mgongo mwezi uliopita, amepona lakini hasikii. Sauti bado ni ileile. Labda tumwache apumzike kwanza?

#15 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Usimwache apumzike kwa hili. Kuna haraka za aina mbili. Ya kwanza: baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa ndani yake, na ikijaa kupandikiza kunakuwa kugumu au kusiwezekane. Mwambie daktari wa masikio tarehe aliyougua, apigwe picha mapema.

Ya pili ni sauti yenyewe. Mtu mzima akiziwika anaitunza sauti yake kwa miaka, zile "s" na "sh" ndizo zinazolegea kwanza. Mtoto wa miaka mitano bado anajenga. Alichokijenga kinaweza kuporomoka ndani ya miezi. Endeleeni kuongea naye uso kwa uso, asome midomo, aongee, asimulie, ashike shingo yake na yako. Na alama zianze sasa hivi ili asikae kimya kichwani.

Helen Keller, mwandishi maarufu wa Marekani, aliugua akiwa na miezi 19, akapoteza kuona na kusikia pamoja. Neno la "maji" alilokuwa amelianza lilibaki naye kama mlio mmoja, "wah-wah". Wako ana maneno maelfu. Yashikilieni.

#16 Mwalimu wa Awali

Mleta uzi, na binti yako sasa sauti yake ikoje?

#17 Mleta uzi

Inaeleweka. Mgeni anakosa maneno mawili matatu kwa mara ya kwanza, kisha anazoea. Akichoka, "s" zinapotea, na puani panarudi kidogo. Tuliacha kumkatiza kila neno. Akikosea narudia neno hilo sawasawa ndani ya jibu langu na tunaendelea na hadithi yake, maana aliwahi kuniambia kwa alama, hataki hata kulisema, kwamba tukimrekebisha anasahau alichotaka kutuambia.

Usiku ndio namwona vizuri. Anavua vifaa, anavikausha kwa kitambaa, anaviweka kwenye kikopo chake, na bado anaendelea kunisimulia mambo ya shule. Sentensi ya kwanza inatoka kama ya mchana. Ya pili imepanda. Kufikia ya tatu au ya nne sauti ni kubwa kupita chumba, "shule" imekuwa "hule", na yeye hajui. Nampa mkono, anauweka kifuani pangu, mimi nasema chini, naye anaifuata kwa vidole mpaka ashuke.

Mama Mapacha, Jumatatu ukitoka huko tuandikie hapa.

#18 Mama Mapacha

Nitaandika.